Salamu za Jane

Suad binti Mansour si mtu wa kupita watu bila salamu. Kwao Pemba angesutwa. Hata hapa ugenini Woolwich humsalimia dereva wa basi mpaka binti yake anaona haya. Sasa nani angedhani kwamba yeye, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, angemnyima mtu jibu?

Alimnyima Jane, bibi wa Kiairishi. Kila asubuhi Suad akiingia kumwogesha, Jane humwambia, "Dia duit." Mungu awe nawe. Na jibu lake alishamfundisha: Mungu na Maryamu wawe nawe. Suad akaingiwa na hofu. Astaghfirullahi, Maryamu anaingiaje hapo? Basi akawa anatabasamu tu, anakunja shuka. Jane husubiri kidogo, kisha hunyamaza. Mwisho akaacha kabisa kusalimu, na Suad, Mungu amsamehe, akashusha pumzi.

Lakini chumba cha pili, kwa Bi Estreya, Myahudi wa Izmir aliyesomesha lugha maisha yake yote, huko Suad huitikia kwa sauti! "Buen dia," husema bibi yule kwa Kiladino chake, lugha ya Wayahudi wa kwao, na Suad humrudishia vilevile. Siku njema haina dini, alijiambia.

Juzi, akimchana nywele Estreya, akamhadithia hayo, akitaraji kusifiwa. Estreya akacheka.

"Dia yangu ni siku, ya Jane ni Mungu. Lakini ukiyafuata nyuma sana maneno haya, ni ndugu. Yametoka kwenye neno moja la kale, la mbingu inayong'aa." Kisha akaacha kucheka. "Nilikuwa namsikia ukutani akikusalimu. Siku hizi simsikii."

Suad akaweka kitana chini. Jamani, mtu anakuombea Mungu kila siku, na wewe unakunja shuka! Si angesema tu "na wewe pia", ikatosha? Nani alimkataza? Alirudi nyumbani na aibu yake.

Kesho yake akaenda moja kwa moja kwa Jane, koti hajavua.

"Dia duit, Jane."

Jane alimtazama, akatabasamu kwa adabu, tabasamu lilelile la Suad, kisha akageukia dirisha. Suad akabaki amesimama mlangoni, anangoja kuitikiwa.