Nilisema ni Henia

Daktari alisema uvimbe ule ni kansa, korodani ya kulia itatolewa, na nisubiri wiki tano. Nikamuuliza kwa nini wiki tano, ilhali vitabu nilivyosoma vinasema jambo hili halifai kucheleweshwa. Akajibu kwamba wapasuaji ni wachache na foleni ni ndefu, ila mgonjwa mmoja akikosa kufika, watanipigia niingie mahali pake. "Usizime simu," akasema.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Wauza samaki na wenye maduka ya nafaka huniletea mizani zao hapa Otonglo, nami huzirekebisha mpaka sindano irudi kwenye sufuri. Sikusomea chuoni, nilijifunza kwa kufungua na kufunga. Nilidhani ugonjwa nao ungekubali utaratibu. Nikaanza daftari: saa, mahali panapouma, muda wa maumivu. Uzito unaovuta kwenye kinena nikisimama sana. Maumivu ya mgongo, upande wa kulia. La mgongo ndilo lililonisumbua, kwa maana nilikuwa nimesoma kwamba ugonjwa huu ukisambaa hupitia tezi za nyuma ya tumbo. Lakini mimi huinama juu ya meza tangu asubuhi hadi jioni. Mgongo umeniuma miaka na miaka. Daftari halikuweza kuniambia kama haya ni maumivu ya zamani au mapya.

Nilijigusa pia, kuona kama uvimbe umeongezeka. Mara mbili kwa siku, kisha sita. Kila nilipobonyeza paliuma, na kwa kuwa paliuma nilibonyeza tena.

"Baba, ukizidi kuikanda hivyo tutapika chapati," mke wangu akasema. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikajiwekea sheria: kujigusa ni Jumapili tu, baada ya kuoga. Hiyo niliiweza. Simu ndiyo iliyonishinda. Kila ilipolia niliacha bisibisi nikaikimbilia, kumbe ni mteja anauliza mizani yake. Wiki ya tatu nikaongeza sheria nyingine: simu izimwe kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana, nipate kufanya kazi. Niliamini hospitali hupiga asubuhi. Hakuna aliyeniambia hivyo.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa limetangulia. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Nyalenda, nilikuwa nimemwambia nina henia. Kwetu ukitaja kansa, watu huanza kufikiria kaburi litakaa upande gani wa nyumba. Henia ni ugonjwa wa heshima. Mwanamume ameupata kwa kubeba mizigo. Na kwenye fomu ya hospitali, namba ya pili niliyoandika ilikuwa yake.

Jumatano nilipowasha simu nilikuta ujumbe kwamba hospitali imepiga mara mbili. Nikapiga.

"Kuna mgonjwa hakufika, tulitaka uingie kesho," karani akasema. "Hukupatikana, tukampigia ndugu yako. Akasema yako si ya haraka, apewe mwingine. Tumeshampa."

Nikampigia kaka. Alikuwa kwenye kikao cha matanga ya mjomba wetu. Nilisikia watu wakibishana kuhusu hema.

"Omera, ndugu yangu, nimekuokoa!" akasema kwa furaha. "Walitaka kukupasua kesho, na mjomba tunamzika Jumamosi! Nikawaambia henia imengoja, itangoja tena. Nani mwingine atasoma wasifu wa marehemu bila kukwamakwama?"

"Si henia."

"Ni nini?"

Mbele yangu mama muuza omena, dagaa wa ziwani, alikuwa anasubiri mizani yake. "Ni kansa," nikasema. "Ya korodani." Yule mama akageuka kutazama barabara.

Kelele za waliobishana kuhusu hema zikafifia. Nadhani kaka alikuwa ametoka nje.

"Mtu anasoma vitabu vyote hivyo," akasema mwishowe, "halafu anashindwa kumwambia kaka yake neno moja?"

Nilitaka kumgombeza. Lakini alikuwa amepima sawasawa, kwa jiwe bovu la mizani nililompa mimi.

Kesho yake asubuhi aliacha kikao, tukaenda hospitali pamoja. Aliegemea dirisha la karani kabla sijafungua mdomo.

"Dada, jana nilikuambia vibaya. Nilidanganywa na huyu. Ni kansa. Ya korodani."

Foleni nzima ikageuka. Karani akasema hilo anajua, limeandikwa kwenye faili, lakini aliyepewa nafasi ameshalazwa. Tarehe yangu ibaki ileile, labda pengo jingine litokee. Kaka akaanza kupandisha sauti, nikamvuta mkono.

"Likitokea nimpigie nani kwanza?" karani akauliza.

"Mimi," kaka akasema.

"Mimi," nikasema. "Simu haitazimwa tena."

Tukatoka. Njiani akauliza, bila kunitazama, "Wakiitoa hiyo, unabaki na moja?"

"Moja."

"Inatosha?"

"Daktari anasema inatosha."

"Basi. Ungetaka ya nini zaidi, na una watoto wanne?" Kisha akauliza kama inauma. Wiki zote hizo, kila alipouliza habari ya henia, nilimjibu kwamba haiumi. Nikamwambia inauma, hata sasa ninapotembea. Akapunguza mwendo, kama anayemsindikiza mzee. Hilo nalo likaniudhi. Hata hivyo nikapunguza na wangu.