Punda wa Bibiana Aliyekula Kitanda Chake

Dada yangu Bibiana hajui kutulia. Hata akikupakulia ugali, yeye husimama mlangoni akichungulia njia, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwaka ule biashara zilipofunguliwa na mitumba kujaa gulioni Newala, wenzake walikimbilia kanga na sabuni. Yeye, mjane mwenye watoto wanne, aliuza cherehani ya marehemu akanunua punda jike, akawa anateremka naye bondeni kuchota maji ya kuuza huku juu. Nilimcheka. Mwezi haukuisha, nikawa nanywa maji yake bure na kutangaza kwamba wazo lilikuwa langu.

Yule punda alikuwa mlafi. Akilala chini patupu, mapaja yanachubuka. Akitandikiwa majani ya karanga, anakula kitanda pamoja na mkojo wake. Mara mbili tumbo lilimvimba kama ngoma, Bibiana akashinda akimzungusha uani, mwenyewe hajatia kitu mdomoni.

"Ya tatu nitamzika," alisema. "Na wanangu watakula nini, Kaka? Maneno yako?"

Basi mimi, niliyefika darasa la sita na la saba nikalielewa kwa kusikia, nikapanda lori hadi Masasi kwa Bwana Mifugo, kijana mmoja Nikolao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka matandiko ya punda, ambayo hawezi kuyala."

Hakufikiri hata kidogo. "Jaza sufi kwenye magunia mawili, shona vizuri, basi."

Nikarudi kifua mbele, magunia begani. Bibiana akayatazama.

"Kaka, ulimwambia ni ya kulalia?"

"Matandiko si matandiko?"

"Mama yangu! Huyo kakupa ya mgongoni, ya kubebea madumu! Akilitafuna gunia, nyuzi zitamziba tumbo."

Nikasema nilikuwa namjaribu.

Kumbe hakunisubiri. Siku zote mbili nilizokuwa Masasi alizunguka mji akiokota hiki na kile, anamwekea punda mbele kabla ya chakula, maana mnyama aliyeshiba hukudanganya. Mabua, akala. Majani ya mkorosho, akayachambua, akala. Nami sasa nikamshauri maganda ya korosho.

"Mafuta yake yanababua vidole vya watu, sembuse mapaja ya punda?"

Mwisho akaleta maranda kutoka kwa Cecil, fundi seremala. Punda akanusa, akapiga chafya, akageuza matako. Mimi nilidhani kanigeuzia mimi.

Jioni Bibiana akayamwaga bandani. Kulipokucha nilimkuta kapiga magoti, anapapasa tumbo la punda kwa viganja viwili, kisha anapapasa sakafu yote. Maranda yalikuwa vilevile. Tumbo laini. Ghafla punda akalia hadi bati likatetemeka.

"Anaumwa!" nikaruka.

"Ana njaa, kama wewe. Kamletee pumba."

Akakaa palepale juu ya maranda, miguu kainyoosha. Dakika haikutimia, akainuka kutafuta madumu.