Karatasi ya Majina, Siku ya Kumaliza Kilio

Tulikuwa Kinanira, nyumbani kwa marehemu shemeji yangu, siku ya kumaliza kilio. Walikuwepo mjane wake, watoto wao saba, dada wa marehemu aliyetoka Ruziba, majirani, na mume wangu, ndugu yake mkubwa. Majina yao wote ninayo kichwani, ila hapa siyaandiki.

Kwetu siku hiyo mkubwa wa ukoo husoma majina ya watoto wa marehemu. Anayeitwa husimama, watu wamjue. Asiyeitwa ni kama amekanwa.

Mume wangu alikuwa karani. Mi niliishia darasa la tatu. Zamani akifanya kazi Gitega, barua zangu alizirudisha zimejaa wino mwekundu. Basi wiki ile ya kilio namtajia majina ya watoto, yeye anaandika, nikaona herufi zinaruka, na jina la kitindamimba ameliandika nusu tu. Badala ya kuogopa, nikacheka.

"Bwana karani, lete nikusahihishe!"

"Apana, mama. Ni hii miwani."

Haikuwa miwani. Miezi mingi alikuwa akishika gazeti bila kugeuza ukurasa. Nilijua, nikanyamaza. Na moyoni, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo kwamba sasa tumelingana.

Siku yenyewe akamwita wa kwanza, vizuri. Wa pili, vizuri, mpaka wa sita. Halafu akamwita tena wa kwanza.

"Baba mukubwa, mi nilishasimama!"

Watu wakacheka. Akasogeza karatasi machoni, akaigeuza. Akaniangalia. Majina yote yalikuwa mdomoni mwangu. Ningeenda kusimama naye, nimnong'oneze. Akaniangalia tena, nikajifanya natengeneza kitenge changu. Niliona haya watu wajue.

Kitindamimba alingoja, mwisho akasimama mwenyewe, machozi yanamtoka. Shangazi yake akamvuta mkono: "Kaa, mutoto. We tunakujua." Lakini hakuitwa, na tangu siku ile haji kwetu.

Baadaye daktari alitueleza kwamba mume wangu ana ugonjwa wa kusahau, nao hula hata kusoma na kuandika, na msomi haumwogopi. Kumbe nilikuwa namcheka mgonjwa.

Mi nakumbuka aliniangalia mara mbili. Nyinyi muliokuwepo, kama ilikuwa mara moja, au kama alikuwa anaangalia mlango tu, munisahihishe. Hapo ningefurahi sana kuwa nimekosea.