Kigoda cha Mlangoni

Katika nyumba ya Taaka kule Sikuda, upande wa Uganda karibu na mpaka wa Kenya, baba mkwe hukaa dirishani, naye mke wa mwana hukaa mlangoni. Hakuna aliyewapangia, ndivyo heshima ilivyo. Katika miaka kumi na minane ya ndoa, Taaka hajawahi kumkaribia Mzee Odoi hata vivuli vyao vikagusana, wala hajalitaja jina lake. Yeye ni Msamia, mzee ni Mpadhola wa Kirewa. Wanazungumza Kiswahili cha mpakani, maneno machache, ya kutosha kuombana chumvi na kujuliana hali.

Mzee alihamia kwao baada ya kumzika mkewe, Babra. Jicho lake moja lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa limeanza ukungu. Daktari wa hospitali ya Masafu alisema aletwe upesi, hilo la pili lipasuliwe lingali linaona. Mzee alikubali. Angekwenda karanga zikishavunwa.

Kazi ya Taaka ni kupiga chapa mitihani ya shule pale pale sebuleni. Mwezi huo alivuka upande wa Kenya akanunua skrini mpya ya kompyuta, pana kama sinia la harusi. Alipokwisha kuiunganisha alikumbuka video moja fupi: mama mkwe akibangua karanga mwaka mmoja kabla ya kufa. Wifi yake Daphine ndiye aliyeichukua kwa simu na kumtumia kwa WhatsApp. Taaka alisogeza kiti cha mzee mpaka mbele ya skrini, akabonyeza, akarudi kwenye kigoda chake mlangoni.

Kutoka mlangoni, mama alikuwa mama kabisa. Sauti yake ilijaa chumba: "Wewe mzee, unakula mbegu? Mwakani tutapanda maganda?"

Mzee aliinama, pua ikakaribia kugusa kioo. Hakucheka.

"Nimeona," alimwambia Taaka video ilipoisha. "Asante, Mama Eriku."

Asubuhi alimwambia mwanawe Ochwo, mume wa Taaka, "Masafu mimi siendi tena. Macho imekufa. Hata Babra nimemuona kama mchanga."

Ochwo alimweleza Taaka. Alikuwa amekusudia kumfariji, kumbe amemzimia taa. Alingoja mzee aende kubadilishia mbuzi malisho, kisha akakikaribia kile kiti. Kukalia kiti cha mkwe haiwezekani, kwa hiyo alipiga magoti kando yake na kuiwasha video tena.

Uso wa mama ulikuwa umevunjika vipande vipande. Macho, meno, shanga za shingoni, vyote vilikuwa chembechembe zinazotetemeka. Mchanga, kama mzee alivyosema. Ni yeye tu, mlangoni kwa heshima zake, ambaye hakuuona.

Alipangusa kioo. Akabadilisha waya, akapekua mipangilio yote. Mchanga ulibaki. Basi akaifunga skrini kwa blanketi, akapanda bodaboda, akavuka mpaka kurudi dukani kwa Allan aliyemuuzia.

"Umeniuzia feki!"

"Feki? Siste, usinichafulie jina asubuhi hii." Allan aliichomeka, akaweka video yake mwenyewe ya mechi ya mpira. Hata nyasi zilihesabika. "Sasa weka hiyo yako." Taaka akaweka. Allan aliitazama kidogo, sauti yake ikashuka. "Huyu ni nani?"

"Mama mkwe. Marehemu."

"Pole sana, madam. Hii ulitumiwa kwa WhatsApp, sivyo? Basi ilibanwa ikawa ndogo ndiyo ipite. Kwa simu huoni shida. Lakini ukichukua leso ndogo ukaivuta ifunike meza nzima, si utaona nyuzi? Skrini haina noma. Tafuta ile ya kwanza, kwa simu iliyorekodi."

Simu ya Daphine ilikuwa imekufa zamani. Lakini Daphine ni mtu wa kutotupa kitu. Kadi yake ya kumbukumbu ilikuwa Kirewa, ndani ya kopo la mbegu za maharagwe. Jumapili baada ya ibada alifika Sikuda akiwa ameifunga kwenye pindo la kitambaa chake.

"Baba, njoo uone tena," Taaka alisema.

"Mwanangu, wacha. Usinisumbue."

"Mara moja tu, Baba. Ile ya kwanza ilikuwa mbaya. Si macho yako."

Mzee alikaa kwa shingo upande. Taaka akabonyeza, akaenda mlangoni. Sauti ilipouliza kuhusu maganda, mzee alishika ukingo wa meza.

"Kovu ya jembe," alisema. "Kwa kidole. Iko pale!" Mara akaangua kicheko, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu mazishi. "Daphine! Ona huo mkono unaiba karanga. Mkono yangu huo!"

"Si alikwambia umezidi?" Daphine alicheka huku akifuta macho.

Taaka alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Mkono wenyewe hakuuona. Kutoka kwenye kigoda chake kulikuwa na mama tu na ungo.

Mzee aliinuka, akatafuta fimbo yake.

"Mama Eriku, mimi nakwenda kwa mbuzi. Wewe kuja karibu, uone vizuri." Akamgeukia bintiye. "Na Masafu, wanaanza kupokea watu saa ngapi?"

Alitoka kwa mlango wa nyuma. Taaka akangoja mpaka asiisikie tena fimbo, kisha akaja, akapiga magoti kando ya kiti, akaiwasha video tena. Pembeni mwa ungo kidole kimoja kilikuwa kinajongea taratibu kuelekea karanga.