Samaki Wengi, Maji Yale Yale

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa tangi la kioo lisilo na samaki hata mmoja. Nilikuwa nimekwenda kuomba kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya watalii hapa Karatu, lakini nafasi za dobi zilikuwa zimejaa. Meneja, mzee mtaratibu aliyesomea mambo ya samaki kabla ya kuingia kwenye utalii, akanipeleka mapokezi, akanionyesha tangi refu kama kitanda, akaniambia kwamba kuanzia siku ile hilo lilikuwa jukumu langu. Nikamuuliza samaki wako wapi. Akasema watakuja maji yakiwa tayari.

Nilidhani ananitania. Sisi Wairaqw ni watu wa mahindi, ngano na ng'ombe wa zizini. Samaki niliowajua ni wale wakavu wa mnadani. Lakini kwa wiki kadhaa nililitunza tangi lile kana kwamba lina uhai. Niliangalia chujio, yaani mashine inayovuta maji na kuyapitisha kwenye sponji. Niliangalia hita, ile fimbo ya kupasha maji, kwa sababu samaki wa mapambo wametoka nchi za joto, na asubuhi za Karatu mwezi wa saba zinauma hadi kwenye mifupa. Kila siku nilidondosha chembe chache za chakula zikaoza humo, na Meneja akaja na vichupa vyake vya kupimia maji.

Alinieleza bila haraka. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki huzaa amonia, sumu ambayo huioni kwa macho. Kwenye sponji na kwenye changarawe za chini huota bakteria wazuri, na hao ndio wanaoila sumu ile. Bakteria hao hukua polepole, kadiri wanavyopata cha kula. Ukimwaga samaki wengi kwa mkupuo, sumu inawahi kabla bakteria hawajatosha, na samaki wako wanakufa ndani ya maji unayoyaona masafi kabisa.

Samaki walipokuja walitoka Arusha, kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa. Walikuwa neoni wachache tu, wadogo kama kucha, wenye mstari wa buluu ubavuni. Tukasubiri, tukapima maji, tukasubiri tena, ndipo wakaja wengine. Meneja alikataa samaki wadogo waitwao gapi wakiwa majike, kwa sababu gapi jike huzaa kila mwezi na kabla hujageuka tangi limekuwa shule ya chekechea. Alimkataa pia samaki mmoja mweusi mwenye mdomo wa kunyonya, ambaye muuzaji alimsifu kwamba husafisha kioo. Alikuwa mdogo kama kidole. Meneja akasema huyo akikua anafika urefu wa mkono hadi kwenye kiwiko.

"Usimpime samaki kwa umbo alilokuja nalo," aliniambia. "Mpime kwa umbo atakalokuwa nalo. Na ukiona tangi lina nafasi, iache. Hiyo nafasi ndiyo inayowaweka hai."

Miaka ile ilikuwa mizuri. Nilibadilisha maji kidogo kila wiki, kiasi cha robo, kwa maji ya bomba yaliyolala kwanza kwenye pipa ili dawa ya klorini iishe nguvu. Nililisha kidogo, kiasi cha kumalizika kabla sijafunika kopo. Samaki walizeeka mikononi mwangu. Kisha yule mzee akahamishiwa Dar es Salaam, nami nikahamishiwa hoteli nyingine ya kampuni ile ile, kule juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Meneja wa kule alikuwa kijana, mchapakazi, mwenye adabu. Aliniita Mama Ema, kwa jina la mwanangu wa kwanza, na hakuwahi kunipandishia sauti. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi wanaponisikia hudhani nilifanya kazi na watu wabaya. Sikufanya. Mkurugenzi wa kampuni alipokuja kukagua, alisimama mbele ya tangi nililoanzisha kule, lenye neoni wachache, akasema linafanana na duka linalofungwa. Wiki iliyofuata gari likaleta mifuko ya samaki, mingi, imerundikwa kiti cha nyuma. Kulikuwa na samaki waitwao malaika wenye mapezi marefu, moli weusi, gapi madume kwa majike, na wawili wa wale wanyonyaji.

Nilimfuata Meneja ofisini nikamweleza yote niliyofundishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Ema, nakuelewa," akasema. "Ila Mkurugenzi haangalii maji, anaangalia rangi."

"Na wakifa?"

"Tutaleta wengine."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekufariji. Tangu siku ile hilo likawa jibu la kila kitu.

Dalili za tangi lililojaa kupita kiasi hazijifichi, na mnaoanza kufuga zishikeni. Samaki hupanda juu wakihema midomo ikigusa hewa. Hubana mapezi mwilini kama mtu aliyejikunyata kwa baridi. Maji hupata ukungu mweupe. Wakubwa huanza kuwadonoa wadogo mikia, si kwa ubaya wao, ni kwa kukosa pa kwenda. Na mmoja akifa chini ya mawe bila kuonekana, anawachafulia waliobaki. Asubuhi, kabla wageni hawajaamka, niliopoa maiti kwa wavu mdogo. Wageni wakija walipiga picha, wakasema ni tangi zuri kuliko yote waliyoyaona safarini. Nao hawakudanganya. Samaki anayekufa kwa sumu bado ana rangi.

Nilipokuwa sina njia nyingine, nikawa nabadilisha maji kila siku, ndoo kwa ndoo. Aliyenisaidia kubeba alikuwa Saning'o, mtu wa Arash kule Loliondo, aliyekuwa akiwasha kuni za boila za maji ya kuoga. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mwanzoni aliona ajabu kwamba mtu mzima anaajiriwa kuangalia samaki wasioliwa, lakini hakunicheka. Alipoona wanahema juu ya maji aliniuliza kama wana homa ya mapafu, na nilipomweleza akatikisa kichwa, akachukua ndoo nyingine.

Mwaka mmoja mvua za vuli hazikuja, na za masika zikawa manyunyu tu. Maji ya hoteli yakaanza kupandishwa kwa boza, lile gari la tangi. Simu za kwao Saning'o zikawa za aina moja: ndama wameanguka, mitamba imeanguka, mdogo wake amewaswaga waliobaki hadi Piyaya na kule nako hakuna majani. Alikuwa akinisimulia huku tumebeba ndoo, kila mtu na yake, tukiyapeleka maji machafu ya samaki kuyamwaga mtaroni. Siku moja alisimama na ndoo yake mtaroni, asiimwage.

"Dada," akasema, "haya ng'ombe anakunywa."

Arash ni mbali, ndoo haifiki. Nilikwenda kwa Meneja nikamwomba tuwapunguze samaki, nusu warudishwe Arusha kwa muuzaji, ili tangi lihitaji maji kidogo. Akasema msimu wa wageni wengi umekaribia, tangi haliwezi kuonekana limepungua. Haukupita muda, boza likaanza kuruka siku, akatoa amri nyingine: jiko, vyoo na mabafu ya wageni yapate maji kwanza, mapambo yasubiri. Amri zote mbili zilikuwa na sababu, nami nilikuwa katikati yake.

Nilifanya nilichoweza. Niliacha kuwalisha, maana samaki mwenye njaa huchafua kidogo. Niliwahamishia gapi kwenye beseni. Nilisuuza sponji kwa maji ya tangi lenyewe ili nisiwaue bakteria. Haikutosha. Malaika walitangulia, kisha neoni wote kwa siku moja, na wale wanyonyaji, ambao sasa walikuwa wakubwa hawawezi kugeuka, wakawa wa mwisho. Saning'o alikuja kunisaidia kuwatoa. Tulipomaliza akaniuliza swali.

"Kwetu mvua ikikatika, tunahama na mifugo. Hawa, ungewahamishia wapi?"

Mwezi ule ule aliomba ruhusa akaenda Arash. Alirudi kuchukua tu shuka zake na fimbo. Aliniambia zizi la baba yake lilikuwa limebaki na ng'ombe wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mzee hataki kutoka ndani. Asingeweza kumwacha. Nikamsindikiza hadi getini. Mvua iliponyesha hatimaye, lilikuja gari la samaki wapya, na mtu mwingine akawasha boila.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilirudishwa Karatu. Meneja alikuwa mama mmoja hodari wa mahesabu na matangazo ya mtandaoni. Nilimweleza mara moja, akaniambia picha za tangi zinapendwa sana. Sikurudia. Niliopoa maiti, nilibadilisha maji. Mapokezi alikaa binti aitwaye Upendo, mcheshi, mwenye moyo. Kila nilipofanya kazi nilimweleza, kwa kuwa alikuwa ameketi hapo hapo na alipenda kuuliza. Nilimwambia habari za bakteria, habari za nafasi, habari za samaki kukua. Alikuwa akiitikia, "Ndiyo mama," macho yakiwa kwa wageni wanaoingia. Nilijifariji kwamba angalau mmoja anasikia.

Siku ya kuniaga walipika pilau, Meneja akasoma hotuba, na mwisho Upendo akaja na kitu kilichofunikwa kitenge. Alikuwa amewachangisha wafanyakazi wote. Akafunua. Lilikuwa tangi dogo, kama ndoo iliyopigwa pembe nne, halina chujio wala hita, na ndani yake walikuwamo samaki wa kila aina wamebanana hata hawapishani. Watu wakapiga makofi. Upendo alikuwa na machozi.

"Tulitaka usikose wenzako, mama," akasema.

Nilimkumbatia. Ningefanya nini kingine? Njiani kuelekea nyumbani nilikuwa nimelipakata, na kabla hatujafika maji yalikuwa tayari yana ukungu. Niliwagawa kwenye mabeseni na sufuria, nikawafunika blanketi wasipate baridi. Nilitafuta jirani wa kumpa baadhi, lakini nani huku ana tangi? Walikwenda mmoja mmoja, kama nilivyojua watakwenda. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote niliifanya tena sebuleni kwangu, kwa haraka, na ikaisha vile vile.

Vijana, anzeni na tangi kubwa na samaki wachache, tena kwa awamu. Nimeyasema haya kwa mameneja, nimeyasema kwa aliyekaa mbele yangu miaka yote ile, na ninayaandika sasa bila kujua kama kuna faida.

Wiki mbili baadaye Upendo alinipigia simu kunijulia hali. Akauliza samaki wanaendeleaje. Nilitazama mabeseni yaliyoanikwa uani, nikasema hawajambo.

Akafurahi sana. Akasema wakipata nafasi ya kuja Jumapili wataniletea wengine.

"Asante, mwanangu," nikamwambia. "Karibuni."