Ubao wa Ajua Uliopunguzwa Kina

Harufu ya mti mbichi unaochongwa ilitufikia kabla hatujaliona soko la Uriri. Ilikuwa harufu kali, yenye utamu kidogo, iliyochanganyika na moshi wa samaki na vumbi la kiangazi. Bibi yangu alipoinusa aliongeza mwendo, ingawa alikuwa kipofu na mimi ndiye niliyemshika mkono. Alizaliwa Kisegi akaolewa kwetu, kwa hivyo watu walimwita Nyar Kisegi, yaani binti wa Kisegi. Alicheza ajua, ule mchezo wa ubao wenye safu mbili za mashimo, ambapo mchezaji hugawa kokwa shimo baada ya shimo na kuteka za mwenzake. Watu walisema huo ni mchezo wa wanaume. Yeye hakubishana nao. Aliwaketisha chini akawashinda, vidole vyake vikipita juu ya mashimo kwa wepesi kama miguu ya kuku. Jioni nyua za jirani zilikuwa tupu kwa sababu wenyewe walikuwa kwetu wakingoja zamu ya kushindwa.

Kiangazi kile mchwa waliula ubao wake. Wageni wakaacha kuja, na bibi akakaa ameelekea ukutani, akilishwa na kufunikwa shuka kama mgonjwa, ilhali mwili haukuwa na neno. Ndiyo sababu tulikuwa tunakwenda kwa Okelo, mchongaji aliyewauzia ajua watu wote wa pande zetu. Tulimkuta amezungukwa na mbao mpya, nyembamba, zenye mashimo ya kina kifupi. Bibi alipapasa mmoja, na kokwa zikamwagika mara tu kidole kilipozigusa.

"Huu ni sahani," akasema. "Nichongee wa zamani."

"Nyar Kisegi, wa zamani siuchongi tena," Okelo akajibu. "Wachimbaji dhahabu wa Macalder wanataka ubao mwepesi wa kubeba begani. Mti mmoja sasa unanitolea mbao nyingi. Nami nina watoto."

"Lisha watoto wako. Mimi nitacheza nini?"

"Utauzoea huo."

"Vizuri. Funga macho, mwanangu, tucheze."

Soko likacheka. Okelo hakuweza kukataa mbele ya wateja wake; akafungwa kitambaa cha bibi usoni. Zamu ya kwanza mkono wake ulizisukuma kokwa hadi mavumbini, na ya pili vilevile. Muuza dagaa akapaza sauti: "Fundi, ubao wako unakukataa!" Okelo alipokivua kitambaa, nilitazamia hasira. Badala yake aliugeuzageuza ule ubao mikononi mwake kwa muda mrefu, kama kitu kilichochongwa na mtu mwingine. Kisha akasema, kila mtu akisikia, kwamba mbao nyepesi ataendelea kuziuza kwa kuwa ndizo zinazomlisha, lakini yeyote aliyezoea mbao zake za zamani atachongewa kama zamani. Siku ya soko iliyofuata tulibeba ubao mzito kwa zamu hadi nyumbani, na bibi akawashinda wanaume mpaka mwaka aliofariki. Nimewajua watu wengi wenye mali na vyeo. Ninayemheshimu kuliko wote ni mchongaji yule.

Siku hizi naishi Homa Bay na mjukuu wangu Ochieng, anayeniandikia haya. Ana mashine ya michezo ya video, na sitaki mtu anidhanie kuwa naidharau. Nimemwona akicheza kandanda na mtu aliye nchi ya mbali, wakataniana kama majirani. Nimeambiwa pia kwamba kuna waundaji wa michezo hiyo waliotengeneza vidude vya kuchezea kwa ajili ya wenye mikono dhaifu, na waliofanya hivyo wanastahili heshima. Lakini mashine mpya ya Ochieng haina mahali pa kutia diski. Diski walizokuwa wakibadilishana likizo zote na binamu yake wa Migori haziingii popote. Mchezo sasa unashuka kwa bando la intaneti, unafungwa kwenye jina la mtu mmoja, na waundaji wakichoka nao wanauzima.

Binamu alipokuja mwezi wa nane na mfuko wake wa diski, walikaa kidogo sebuleni, kisha akasema anarudi kwao kesho.

"Waambie hao waundaji," nikamwamuru Ochieng.

"Dani, niwaambie wapi?" akajibu. Ndivyo anavyoniita, kwa maana ya bibi. "Nikiandika, kompyuta ndiyo inayojibu."

Sina shaka kwamba waundaji hao nao wana watoto wa kulisha, na akili yao inaipita mbali ile ya Okelo. Hata hivyo Okelo alipokosea, aliyeumia alimfikia kwa miguu, akamwita mwanangu, akaketi mbele yake. Ochieng hana soko la kwenda.