Sahihi ya Mjomba

Msambweni ya utoto wangu, ukinunua sabuni ya ziada dukani, kufika nyumbani umeshaulizwa mgeni wenu anatoka wapi. Maduka hayakuzidi matano, yote upande mmoja wa barabara. Upande wa pili zilikuwa nyumba za makuti, na kila nyumba ilikuwa na mtu barazani. Kutoka kwetu hadi shuleni nilipiga shikamoo kumi na saba. Zilinichosha. Wazee niliwaheshimu, lakini hakuna aliyeitikia marahaba akakuacha uende zako. Kila mmoja alitaka habari za mama, za mbuzi, za kikohozi cha juma lililopita. Na mimi nina hasira za karibu tangu nizaliwe.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa uhuru. Kila aliyesimama kuhutubia alisema watoto wasome, nchi sasa ni yetu. Nadhani wengi walikuwa na wavulana akilini. Basi nikafaulu mimi, msichana peke yangu katika shule yetu, nikapata nafasi shule ya bweni huko bara. Mwalimu mkuu akanipa fomu na kunipa majuma mawili niirudishe. Baba alikuwa ameshafariki, na kwetu sisi Wadigo mambo ya mtoto yanapita kwa mjomba. Wangu alikuwa mkulima Kikoneni, kaka mkubwa wa mama. Bila sahihi yake, hakuna shule.

Siku niliyopewa fomu nilikimbia njia nzima. Bibi mmoja muuza vitumbua, jirani yetu wa nyumba ya tatu, nikampita hivi hivi bila kumwamkia. Nilikumbuka nimeshafika mlangoni. Nikamweleza mama huku nacheka, kwamba furaha imenitia wazimu. Mama alikuwa anakuna nazi. Alitabasamu, akaendelea kukuna. Tulikuwa wawili tu nyumba ile. Dada zangu walikuwa wameolewa.

Habari za Kikoneni zilichukuliwa na mchuuzi wa samaki wakavu, aliyekwenda huko kwa baiskeli kila juma. Mama akampa ujumbe amfikishie mjomba kwamba nimefaulu. Mchuuzi aliporudi alisimamisha baiskeli mbele ya duka, watu wamejaa, akanitolea jibu pale pale.

"Mjomba wako asema hatii sahihi. Amesikia siku hizi huamkii wazee. Asema, ikiwa hapa kwenu wawapita, huko bara utatuletea nini?"

Sikujua niutie wapi uso wangu. Kisha hasira zikapanda, nikauona mji mzima mnafiki. Nilimshuku fundi cherehani, nikamshuku mke wa muuza maji, nikamshuku hata muadhini, Mungu anisamehe. Zilikuwa zimebaki siku nne fomu itakiwe. Nikaenda kwa yule bibi kumwomba radhi, ingawa kwa kweli nilikwenda kumtafuta aliyenichongea.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kukuomba radhi. Siku ile nilipotoka shule mbio, nilikupita."

"Marahaba, mjukuu wangu. Siku gani hiyo?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Macho yangu haya yaishia kwenye karai. Sikukuona. Wala hapakuwa na mtu wa kukuona, siku hiyo wote walikuwa mazikoni. Hata wateja sikupata."

Nikamshukuru, nikarudi nyumbani polepole. Habari ile nilikuwa nimempa mtu mmoja tu.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwuliza, naye hakukana.

"Ni mimi. Nilimwambia mchuuzi amfikishie kaka. Sikuongeza neno."

"Kwa nini, mama?"

"Namjua kaka yangu, jambo kama lile halisamehe. Ukienda, mimi humu ndani nitasema na nani?"

Nilimjibu vibaya, na maneno yenyewe sitayaandika. Nililala bila kula. Nilimchukia mama yangu usiku ule, mara ya kwanza maishani.

Asubuhi niliamka nikakuta hayupo, na fomu haipo juu ya kabati. Nikajua ameichoma. Nilikaa kizingitini kutwa nzima nikiyapanga nitakayomwambia. Alirudi alasiri, vumbi limempanda mpaka magotini. Alikuwa amekwenda Kikoneni kwa miguu na kurudi. Akanipa fomu, na sahihi ya mjomba ilikuwa pale chini, imekandamizwa karibu karatasi itoboke.

"Umemwambiaje?" nikamwuliza.

"Nimemwambia nilikusingizia."

Akaingia ndani kutia udhu. Mama yangu hakuwa mtu wa uongo, hata wa mzaha. Na lile alilomwambia kaka yake mwanzo lilikuwa kweli tupu.

Juma lililofuata mchuuzi alikwenda tena Kikoneni, akarudi na habari mpya. Kabla ya magharibi kila baraza ilikuwa inajua kwamba kuna mama amemzulia mwanawe mwenyewe ili asisome. Mama alipokwenda dukani kununua chumvi, watu walinyamaza mpaka apite. Mimi nilipanda basi siku ya tatu yake. Yeye alibaki kwenye barabara ile, anaitwa mwongo, na hakuna aliyewaambia watu kwamba nilimpita kweli yule bibi.